Miaka 33 ya Kuhesabu Vibaya: Kwa Nini Dunia Iliamini Una Kromosomu 48

Muulize leo mwanafunzi wa kidato cha nne binadamu ana kromosomu ngapi, atakujibu hata bila kufikiri: 46. Sasa swali hilo hilo ungempelekea profesa bingwa wa Marekani au Ulaya mwaka 1950, angekujibu 48, tena kwa kujiamini kabisa. Vitabu viliandika hivyo na wanafunzi walikariri hivyo. Na hawa hawakuwa wajinga. Hadubini walikuwa nazo, kromosomu zilikuwa mbele ya macho yao. Ilikuwaje basi?

Kwanza tukumbushane kidogo

Muda mwingi wa maisha ya seli, kromosomu ni kama nyuzi zilizofumuka ndani ya kiini, huwezi kuzihesabu. Zinajikunja na kuonekana moja moja pale tu seli inapojiandaa kugawanyika. Na seli zako zina namna mbili za kugawanyika.

Ya kwanza ni mitosi. Kila kromosomu inanakiliwa, halafu nakala mbili zinavutwa, moja huku na nyingine kule. Unapata seli mbili zenye idadi ile ile ya kromosomu. Hii ndiyo iliyokukuza kutoka yai moja hadi hapo ulipo, na ndiyo inayoziba kidonda chako.

Ya pili ni meiosi, ambayo hufanyika kwenye korodani na ovari tu. Kunakili ni mara moja, lakini kugawanyika ni mara mbili. Kwa hiyo yai au mbegu ya kiume inabaki na nusu. Nusu ya baba ikikutana na nusu ya mama, hesabu inakamilika tena. Bila meiosi, kila kizazi kingekuwa na kromosomu mara mbili ya wazazi wake!

Mambo haya yalianza kueleweka zamani. Mwaka 1882 Mjerumani Walther Flemming, aliyekuwa Kiel, alieleza mgawanyiko huo wa kwanza kwa kuchunguza seli za salamanda, na jina mitosi alilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Mwaka uliofuata Edouard van Beneden wa Liège, Ubelgiji, alichunguza mnyoo wa tumboni mwa farasi. Aliona kromosomu 2 zinatoka kwenye yai, 2 kwenye mbegu ya kiume, na yai lililorutubishwa lina 4. Huyo mnyoo ni rahisi: kromosomu chache, kubwa. Binadamu ndiye aliyewasumbua.

Namba inazaliwa Texas

Mwaka 1923 Theophilus Painter, mwanazoolojia wa Chuo Kikuu cha Texas, alichapisha hesabu yake ya binadamu. Alitumia tishu za korodani za wanaume waliokuwa wamehasiwa katika hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili. Njia ya wakati ule ilikuwa kukata tishu vipande vyembamba sana na kuvipaka rangi. Tatizo ni kwamba kisu kinaweza kuikata seli katikati, na kromosomu zinalaliana kama vijiti vya kuni kwenye mzigo. Painter mwenyewe, kwenye taarifa yake ya awali, alisema katika seli zilizoonekana vizuri zaidi alihesabu 46. Mwishowe akaamua 48.

Baada ya hapo, kila aliyehesabu alikuwa tayari anajua anatafuta nini. Mwaka 1952 T. C. Hsu, akiwa Galveston, Texas, alipata bahati: maji ya chumvi ya kusuuzia seli yalichanganywa kimakosa, yakawa mepesi kupita kiasi. Maji yaliingia kwenye seli, zikavimba, na kromosomu zikatawanyika vizuri ajabu. Njia ya kuhesabu ilikuwa imepatikana! Na Hsu bado akaandika 48.

Huko Sweden ilitokea kali zaidi. Kundi moja la watafiti lilikuwa likichunguza seli za ini za vijusi. Walihesabu 46, wakarudia, 46 tena. Unajua walifanya nini? Waliisimamisha kazi kwa muda, kwa sababu walishindwa kuzipata zile 2 "zilizopotea".

Usiku wa Desemba 1955

Aliyekata mzizi wa fitina ni Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, Indonesia ya leo, aliyekuwa amepitia kambi ya wafungwa ya Wajapani wakati wa Vita vya Pili. Kazi yake ilikuwa kromosomu za mimea huko Zaragoza, Hispania, na likizo zake alizitumia kwenye maabara ya Albert Levan, Lund, Sweden. Alichukua seli za mapafu ya vijusi zilizooteshwa maabara. Akazitia kolchisini, dawa inayozuia kromosomu zisivutwe, hivyo seli nyingi zikakwama katikati ya mitosi. Akatumia maji mepesi ya Hsu, akazibonyeza chini ya kioo, akapiga picha. Usiku wa manane wa tarehe 22 Desemba 1955 alihesabu 46. Kisha 46 tena, katika zaidi ya seli 200.

Yeye na Levan walichapisha mwaka 1956. Mwaka huo huo Charles Ford na John Hamerton wa Uingereza walitazama meiosi kwenye korodani, wakakuta jozi 23. Mitosi na meiosi zikatoa ushahidi mmoja.

Kwani 2 zina uzito gani?

Mwaka 1959, Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kwamba watoto wenye hali inayoitwa Down wana kromosomu 47: namba 21 wanayo mara tatu. Gautier ndiye aliyeotesha seli hizo maabara, ingawa kwa miaka mingi sifa zilimwendea zaidi Lejeune. Hebu fikiria kama dunia ingekuwa bado inaamini 48. Mtoto mwenye 47 angeonekana amepungukiwa moja, kumbe amezidi moja!

Na hiyo moja inatoka wapi? Mara nyingi ni kwenye meiosi: jozi imekataa kuachana, yai moja limebeba zote mbili. Mayai ya mwanamke huanza meiosi yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husubiri miaka mingi kabla ya kuendelea, ndiyo maana uwezekano huongezeka umri wa mama unapoongezeka. Hakuna aliyelogwa, na hakuna mama wa kulaumiwa. Ukisikia jirani ananong'ona kuhusu mama mwenye mtoto wa namna hii, sasa una la kumwambia.

Maabara za hospitali hadi leo hutumia karibu njia ile ile ya Tjio: simamisha mitosi, vimbisha seli, piga picha, hesabu. Nawe ukipewa hadubini kwenye praktiko, hesabu kwanza unachokiona. Kitabu kifungue baadaye.