Fonti za Anga na Herufi A: Kutoka Turin Hadi Kihesa

Duka la simu likifunguliwa leo Kihesa, na mwenye duka akasema anataka bango la kisasa, fundi ana jibu la haraka: herufi pana, nzito, za mraba wenye pembe zilizolainishwa. Hapa Manispaa ya Iringa, hasa jirani na Chuo Kikuu cha Iringa, kazi ya kuchapa flana, stika na mabango haikosi wateja, na wengi wao ni vijana wanaoanzisha biashara zao za kwanza. Wanataka herufi za kesho. Herufi wanazopewa zina umri wa babu zao.

Mwaka 1952, katika kiwanda cha kusubu herufi cha Nebiolo mjini Turin, Italia, Alessandro Butti na Aldo Novarese walitoa fonti iitwayo Microgramma. Ilikuwa na herufi kubwa tu. Mwaka 1962 Novarese akaongeza herufi ndogo, na familia hiyo mpya ikaitwa Eurostile. O yake si duara. Ina umbo la kioo cha televisheni ya zama zile, wakati televisheni ndiyo iliyokuwa ajabu ya sebuleni. Mwaka 1968 Stanley Kubrick akatoa filamu yake ya safari za anga, 2001: A Space Odyssey, na vioo vya kompyuta HAL vikajaa maandishi ya ukoo huo. Tangu hapo watengeneza filamu wengi wakihitaji chombo cha anga wanarudi Turin.

Chimbuko la pili la herufi za kesho ni benki, na huko hakuna aliyekuwa akitafuta urembo. Katika miaka ya 1950, Stanford Research Institute ya Marekani ilikuwa ikiitafutia Bank of America njia ya kusoma hundi kwa mashine. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa E-13B: tarakimu 10 na alama 4, zinazochapwa kwa wino wenye chembe za sumaku. Tazama chini ya hundi utaziona, zimenenepa sehemu zisizotarajiwa. Unene huo una sababu. Kila tarakimu lazima itoe mawimbi yake mbele ya mashine, yasifanane na ya jirani yake. Alfabeti haikuwamo kabisa. Walioiongeza ni wasanifu wa Uingereza: Leo Maggs na Westminster yake katikati ya miaka ya 1960, kisha Bob Newman na Data 70, mwaka 1970. Umbo lililobuniwa kwa ajili ya mashine isiyo na macho likageuka pambo la kusomwa na watu, na ndiyo maana mstari mzima wa Westminster unachosha macho. Mimi singempa mfanyabiashara yeyote fonti hiyo, hata kwa neno moja.

Karakana nyingi za mabango zimeletewa herufi hizi na kompyuta yenye CorelDRAW. Programu hiyo ilikuja na fonti za kampuni ya Bitstream, na humo Eurostile iliingia kwa jina jingine, Square 721. Fundi anaweza kuitumia miaka mingi asijue ni kazi ya Novarese. Kwenye orodha hiyo hiyo imo Bank Gothic, iliyosanifiwa na Morris Fuller Benton mwaka 1930, miaka 27 kabla ya satelaiti ya kwanza kurushwa. Leo inauzwa kama sura ya anga.

Lakini chanzo ninachotaka fundi wa Kihesa akitazame kwa makini ni nembo ya NASA ya mwaka 1975. Richard Danne na Bruce Blackburn waliandika jina hilo kwa mstari mmoja mnene unaojipinda, na wakaziondolea A zote mbili kijiti cha katikati. Danne amesimulia kwamba mkuu wa NASA wa wakati huo, James Fletcher, aliiona na kulalamika kuwa kuna kitu kimepungua. Nembo ilistaafishwa mwaka 1992, ikarudishwa mwaka 2020 ubavuni mwa roketi. Ni kazi nzuri sana. Tatizo ni waigaji wake, maana fonti nyingi za bure zenye sura ya anga zimekata kijiti hicho hicho.

Kiswahili hakiwezi kuvumilia hasara hiyo. A ndiyo herufi inayojirudia kuliko nyingine zote katika maandishi yetu. Andika jina TOSAMAGANGA: A ni 4 kati ya herufi 11. Zikate vijiti, ubaki na V 4 zilizopinduliwa, kisha umwombe mtu aliye kwenye bajaji inayokwenda alisome. NASA ilimudu kwa sababu jina lake ni fupi na dunia ilikuwa imeshalijua. Duka jipya halijulikani na mtu.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kuitazama A, ndipo nitazame upana. Michroma ya Vernon Adams, iliyofuata nyayo za Microgramma na inayopatikana bure, imebakiza kijiti chake. Ni pana mno, kwa hiyo KIHESA itakaa vizuri mlangoni, ila MAKAMBAKO itadai ukuta mzima. Jina refu nalipeleka kwenye Exo ya Natanael Gama, iliyo nyembamba zaidi na yenye uzito wa kuchagua.

Fonti ya pili iwe ya kawaida kabisa. Fonti mbili za anga kwenye bango moja hugombana. Jina likiwa pana na zito, orodha ya huduma iandikwe kwa fonti nyepesi na nyembamba kidogo, kama Open Sans ya Steve Matteson. Na namba ya simu iwe huko huko. Kwenye herufi za mraba, 0, 6 na 8 zinafanana ukiwa ng'ambo ya barabara, na kosa la tarakimu moja linampeleka mteja kwa mtu mwingine.

Kabla ya kulipia bango, chapa jina hilo dogo, kwa ukubwa wa muhuri wa mpira. Matundu ya A na E yakiziba, fonti hiyo ibaki ukutani, na muhuri uchongwe kwa ile ya kawaida.