Jiko la Frankfurt na Vyombo Vilivyofuata Nyumba

Jiko la Frankfurt lilibuniwa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Vienna, kwa ajili ya nyumba za kupanga ambazo jiji la Frankfurt, Ujerumani, lilikuwa likiwajengea wakazi wake. Upana wake haukufika mita 2, na urefu ulikuwa takriban mita 3.4. Ndani ya nafasi hiyo kila kitu kilikuwa na mahali pake kabla mpangaji hajakabidhiwa ufunguo: sinki, kichanja cha vyombo, meza ya kukatia, makabati, droo za vyakula, ubao wa kupigia pasi, hata taa. Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yalifungwa katika muda wa miaka michache. Mara nyingi huitwa mama wa majiko ya leo yenye makabati ya kushikizwa ukutani, na sifa hiyo ni halali. Ila jiko lenyewe lilikuwa sehemu tu ya jambo kubwa zaidi: wasanifu walibadilisha nyumba kwanza, kisha wakajikuta hawana budi kubadilisha na kila kilichomo ndani yake.

Chanzo kilikuwa uhaba wa nyumba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza miji ya Ujerumani ilifurika watu, na mfumuko wa bei ulizuia ujenzi mpaka sarafu ilipotengemaa. Mwaka 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimkabidhi msanifu Ernst May kazi ya ujenzi na mipango ya jiji. May na wenzake walijenga mitaa mipya kama Praunheim na Römerstadt: safu za nyumba zenye paa bapa, kuta tupu zisizo na nakshi, na madirisha yanayoingiza jua na hewa. Ili kodi iwe ya kumudika, vyumba vilipunguzwa ukubwa, vipimo vya milango na madirisha vikasanifishwa, na baadhi ya kuta zikatengenezwa kiwandani kwa vipande vikubwa vilivyoinuliwa kwa kreni.

Hapo ndipo shida ya samani ilipojitokeza. Familia nyingi za wafanyakazi zilikuwa zimezoea jiko ambalo pia ni sebule: humo walipika, walikula, waliogesha watoto, na wengine walilala humo humo. Walimiliki makabati mazito ya kurithi, yenye nakshi na miguu minene, na makabati hayo yakiingia katika chumba kipya hayakuacha pa kupita mtu. Nyumba ya kisasa yenye samani za babu haikuwa ya kisasa tena.

Schütte-Lihotzky, aliyezaliwa mwaka 1897, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kusomea usanifu majengo nchini Austria. Alianza na mwendo wa mtu jikoni, akaacha sura ya kabati kwa baadaye. Alikuwa amesoma maandiko ya Mmarekani Christine Frederick, aliyechukua mbinu za kupima kazi za kiwandani akazileta kwenye shughuli za nyumbani, na yeye mwenyewe alihesabu hatua na muda wa kila kazi. Mfano wake mwingine ulikuwa jiko la behewa la chakula katika treni, ambamo wapishi wachache hulisha abiria wengi bila kusogea. Mwanamke aliyefanya kazi kiwandani mchana kutwa, alidai, hastahili kurudi nyumbani kutembea tena kilomita kati ya sinki na meza. Inafaa kutajwa kwamba mbunifu huyo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa hajawahi kuendesha nyumba wala kupika kabla ya kulichora jiko hilo. Alilichora kama msanifu, na inaonekana.

Mfano mzuri ni vibweta vya vyakula vikavu. Kando ya sinki kulikuwa na safu za vibweta vya alumini, vilivyotengenezwa na kiwanda cha Haarer, kila kimoja kikiwa na jina la kilichomo: mchele, sukari, dengu na kadhalika. Kila kibweta kilichomoka kama droo, kilikuwa na mpini wa kushikia, na upande mmoja ulichongoka kuwa mdomo wa kumiminia. Mpishi alikichomoa, akamimina moja kwa moja kwenye sufuria, akakirudisha, bila upawa wala kopo la kuchotea. Unga haukuwekwa humo. Ulipewa droo ya mwaloni, kwa kuwa tanini iliyomo katika mti huo iliaminika kufukuza wadudu. Mbao za makabati zilipakwa rangi ya buluu inayoelekea kijani, kwa imani ya wakati huo kwamba nzi hawaipendi.

Sehemu nyingine zilifuata mantiki hiyo hiyo. Meza ya kukatia iliwekwa chini ya dirisha, kwenye mwanga, na mbele yake stuli ya kuzunguka ili kazi ifanywe kwa kukaa. Maganda yalisukumwa kwenye tundu la mezani yakaangukia trei inayochomolewa. Taa ilining'inia kwenye reli ya darini, ikavutwa pale ilipohitajika. Ubao wa pasi ulikunjwa ukutani. Mlango wa kusukuma kwa pembeni uliunganisha jiko na chumba cha kulia, na umbali kutoka kwenye moto hadi mezani ulikusudiwa usizidi mita 3. Gharama ya yote haya ilitiwa ndani ya kodi ya nyumba, kwani wapangaji wengi wasingeweza kuyanunua kwa pesa taslimu.

Vyumba vingine navyo vilipata vyombo vyake. Ferdinand Kramer alibuni samani nyepesi za mbao za tabaka, pamoja na milango ya vipimo sanifu. Christian Dell, aliyekuwa msimamizi wa karakana ya vyuma ya shule ya usanifu ya Bauhaus huko Weimar kabla ya kuhamia Frankfurt, alichora taa za mezani zenye kichwa cha kugeuzwa huku na huku. Jarida la mradi huo, lililoitwa Das Neue Frankfurt, lilianza mwaka 1928 kuchapisha orodha ya bidhaa zilizopendekezwa: viti, taa, vitasa, majiko ya kupashia joto. Kila bidhaa ilipewa picha na maelezo, ili mpangaji ajue anunue nini na wapi. Nia ilikuwa njema, ingawa orodha hiyo ilinukia kidogo ualimu wa watu wanaodhani wananchi hawana macho.

Wapangaji hawakukubali kila kitu. Römerstadt ilijengwa itumie umeme, hata kwa kupikia, na bili zikawa mzigo. Jiko lilimtosha mtu mmoja tu: wawili waligongana, na watoto walibaki nje ya macho ya mama. Kibweta kilichoandikwa dengu hakikuwa na faida kwa asiyekula dengu. Wapo waliojaribu kusukumiza meza ya kulia humo humo, kama walivyozoea. Miaka ya 1970 watetezi wa haki za wanawake waliongeza lawama nyingine: jiko la mtu mmoja lilimfungia mwanamke peke yake na kazi isiyo na mshahara. Lawama hiyo ina uzito, lakini haifuti ukweli kwamba kabla ya Schütte-Lihotzky wasanifu wachache sana waliiona kazi ya jikoni kuwa kazi inayostahili kupimwa.

Mradi ulivunjika kwa mdororo wa uchumi. Mwaka 1930 May aliondoka na kundi la wasanifu kwenda Umoja wa Kisovieti, Schütte-Lihotzky akiwa mmoja wao. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, May hakuwa na pa kurudi. Mwaka 1934 alihamia Tanganyika, akalima shamba karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi ya usanifu Nairobi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa alikuwa Mjerumani. Baadaye alichora mpango wa upanuzi wa Kampala, na Jumba la Makumbusho la Uganda ni kazi yake. Pia alibuni nyumba ya bei nafuu ya vipande vya zege vya kuunganishwa, wazo lile lile la Frankfurt la kuta za kiwandani. Schütte-Lihotzky alijiunga na upinzani dhidi ya Wanazi, akakamatwa Vienna mwaka 1941, akabaki gerezani hadi 1945. Alifariki mwaka 2000, akiwa amechoka kuulizwa habari za jiko lile moja tu.

Majiko mengi ya awali yaling'olewa wakati nyumba zilipokarabatiwa. Machache yaliokolewa: moja liko katika Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa, New York, na Vienna kuna lililojengwa upya kwa vipimo vya asili. Huko Römerstadt kwenyewe nyumba moja imerudishwa katika hali yake ya zamani na hufunguliwa kwa wageni, jiko lake likiwa na rangi yake ile ile ya buluu.