Panya wa Entebbe na Wachangia Damu wa Kenya: Historia ya Kupima Kingamwili

Virusi vinapoingia mwilini, mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazovitambua virusi hivyo na kuvishika. Mgonjwa akipona, virusi vingi hutoweka, lakini kingamwili hubaki katika damu kwa miezi au miaka, na kwa baadhi ya magonjwa hubaki maisha yote. Kwa hiyo damu ya mtu mzima mwenye afya njema inaweza kueleza ugonjwa uliompata utotoni, hata kama hakufikishwa hospitali wala hakujua kwamba aliambukizwa. Damu za watu wengi zikikusanywa kwa mpango na kupimwa, hupatikana hesabu ambayo daftari la zahanati haliwezi kuitoa: walioambukizwa ni wangapi, mbali na wale wachache waliofika kwa daktari.

Kazi hii ilianza kufanywa kwa upana kwa sababu ya homa ya manjano. Hadi miaka ya 1920 ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa balaa la Amerika na Afrika Magharibi. Mwaka 1927 watafiti wa Wakfu wa Rockefeller walichukua damu ya Asibi, mwanamume mgonjwa wa Gold Coast, Ghana ya leo, wakafanikiwa kumwambukiza kima wa Asia. Tangu hapo kinga ya mtu iliweza kupimwa: kima akidungwa virusi pamoja na majimaji ya damu ya mtu huyo, kisha akanusurika, ilikuwa dalili kwamba mwenye damu aliwahi kuambukizwa. Lakini kima ni ghali, na hakuna maabara iliyoweza kuwapata kwa maelfu. Mwaka 1930 Max Theiler alionyesha kwamba panya weupe wa maabara nao huambukizwa virusi hivyo ubongoni, na mwaka uliofuata Wilbur Sawyer na Wray Lloyd wa New York wakaunda kipimo kilichoweza kutumika kwa watu wengi.

Panya alidungwa wanga kidogo kwenye ubongo ili kuudhoofisha, kisha akadungwa tumboni virusi pamoja na majimaji ya damu ya mtu anayepimwa. Panya waliopewa majimaji yasiyo na kinga walikufa. Waliopewa ya mtu aliyewahi kuambukizwa waliishi. Hivyo ndivyo historia ya ugonjwa katika kijiji kizima ilivyosomwa, kizimba kwa kizimba, kwa kuhesabu panya waliokufa na waliobaki hai.

Watafiti walizingatia sana umri. Mzee mwenye kinga angeweza kuwa aliipata miaka hamsini nyuma, tena mahali pengine kabisa. Mtoto wa miaka saba asiyewahi kuondoka kwao alieleza jambo la hakika zaidi: virusi vilipita pale katika miaka hiyo saba. Kanuni hiyo bado inatumika hadi leo kila damu inapopimwa kwa lengo la kujua ugonjwa ulipita lini.

Matokeo ya miaka ya 1930 yaliwashtua maofisa wa afya. Kinga ilipatikana kwa watu wa Sudan na Uganda, katika sehemu ambazo hakuna daktari aliyewahi kuripoti homa ya manjano. Wasiwasi ulikuwa mkubwa kwa sababu ndege zilikwisha kuanza kuunganisha Afrika Mashariki na Asia, na India ilikuwa na mbu wanaofaa kueneza ugonjwa huo pamoja na mamilioni ya watu wasio na kinga. Mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller ulianzisha taasisi ya utafiti wa homa ya manjano Entebbe, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Miaka minne baadaye mlipuko ulizuka katika Milima ya Nuba, Sudan, ukaacha wagonjwa zaidi ya 15,000 na vifo zaidi ya 1,500. Vipimo vya damu vilikuwa vimeonyesha kwamba virusi vipo Sudan kabla ya watu kuanza kufa.

Watafiti wa Entebbe walikuwa wakitafuta homa ya manjano wakakuta virusi vingine. Mwaka 1937 vya West Nile vilipatikana katika damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1947 vya Zika vilipatikana kwa kima aliyewekwa ndani ya kizimba katika Msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Baadaye damu za watu 99 wa Uganda zilipopimwa, karibu 6 kati ya 100 zilionekana kuwa na kinga dhidi ya Zika, ingawa hakuna aliyejulikana kuugua ugonjwa huo.

Takwimu za namna hiyo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Virusi vya Zika, dengue, West Nile na homa ya manjano ni vya ukoo mmoja, na kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya kimoja inaweza kukishika kingine. Hali ni hiyo hiyo kwa chikungunya, iliyotambuliwa katika mlipuko wa 1952 uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na o'nyong'nyong, iliyozuka kaskazini mwa Uganda mwaka 1959. Kipimo cha kingamwili kikitoa jibu chanya katika eneo lenye virusi vya ukoo mmoja, kinathibitisha kwamba mmoja wa ukoo huo alipita. Kumtaja kwa jina ni kazi ngumu zaidi. Ramani nyingi za zamani za Zika na dengue zina kasoro hiyo.

Kipimo cha kingamwili za VVU kilipoanza kutumika mwaka 1985, maana ya jibu chanya ilibadilika. Mwili hauviondoi virusi hivyo, kwa hiyo mwenye kingamwili ni mtu anayeishi na maambukizi. Mwishoni mwa 1986 Rwanda ilipima sampuli ya watu wa nchi nzima, na mwaka 1987 watafiti wa Tanzania walipima watu wazima mkoani Kagera. Bukoba mjini karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na VVU, huku katika baadhi ya vijiji vya mkoa huo huo idadi ikiwa chini ya mmoja kati ya mia. Mkoa mmoja ulikuwa na hali mbili zisizofanana hata kidogo, na daktari aliyekaa hospitali ya mjini asingeweza kulijua hilo.

Kwa miaka mingi baadaye nchi nyingi zilitegemea damu ya wajawazito waliohudhuria kliniki, kwa kuwa ilikuwa ikichukuliwa kwa vipimo vingine hata hivyo. Lakini wajawazito si taifa zima. Wanaume hawamo, wala wanawake wasioshika mimba, na kliniki zilizochaguliwa nyingi zilikuwa karibu na miji. Kenya ilipopima kaya kwa kaya mwaka 2003, kwa tone la damu ya kidole lililokaushwa kwenye karatasi ya chujio, kiwango cha VVU kwa watu wazima kilikuwa asilimia 6.7, chini ya makadirio yaliyotokana na kliniki. Kipimo kilikuwa sahihi pote pawili. Waliopimwa ndio waliotofautiana.

Swali la nani anapimwa lilirudi wakati wa UVIKO-19. Mwanzoni mwa Juni 2020 Kenya ilikuwa imethibitisha wagonjwa wapatao 2,000 tu. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na Wellcome Trust walioko Kilifi waligeukia mabaki ya damu iliyotolewa na wachangiaji 3,098 kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni. Kwanza walikipima kipimo chenyewe kwa damu 910 zilizohifadhiwa tangu 2018, kabla virusi hivyo havijajulikana duniani. Tisa zilitoa jibu chanya, ambalo haliwezi kuwa la kweli. Kosa la mmoja kwa mia ni dogo mahali ambapo nusu ya watu wameambukizwa, lakini pale walipoambukizwa watano kwa mia linavuruga hesabu kabisa. Baada ya kurekebisha kosa hilo na kuzingatia umri, jinsia na maeneo, asilimia 5.6 ya waliokutwa na kingamwili ilishuka hadi 4.3 kwa nchi nzima, Mombasa ikiwa na 8.0 na Nairobi 7.3.

Hata asilimia 4.3 ilimaanisha maambukizi zaidi ya milioni moja, mara mia kadhaa ya yaliyothibitishwa. Kati ya Januari na Machi 2021, karibu nusu ya wachangia damu walikuwa na kingamwili. Watoto na wazee, ambao hawachangii damu, hawakuwamo. Chanjo zilipoanza kutolewa Kenya Machi 2021, jibu chanya lingeweza kutokana na ugonjwa au na sindano. Ili kuvitenganisha, maabara hutafuta kingamwili za protini ya ndani ya virusi, ambayo chanjo nyingi hazina, ingawa chanjo zilizotengenezwa kwa virusi vizima vilivyouawa huzaa kingamwili hizo pia, na kwa waliopewa hizo njia hiyo haitoshi.