Tundu Lisilo na Ukungu

Historia ya lambda, faji (yaani virusi wa bakteria), husimuliwa sana ikianzia sinema mjini Paris, mwaka 1958, François Jacob ameketi kutazama filamu na wazo likamjia ghafla. Kisa kitamu. Lakini mimi ni fundi wa maabara, kazi yangu ni kusoma sahani za petri, na naona sifa zimewapita watu wa mezani.

Lambda alikuwa amejificha ndani ya K-12, bakteria waliotolewa kwa mgonjwa wa dondakoo huko Stanford mwaka 1922. Karibu miaka thelathini walifugwa maabara na hakuna aliyeshuku kitu. Esther Lederberg, huko Wisconsin, aliona utando wa bakteria umetafunwa pale K-12 waliokwisha kumpoteza mgeni wao walipochanganywa na wenzao waliombeba. Akatangaza mwaka 1951.

Tundu ambalo lambda hulitafuna kwenye utando huo huwa na ukungu katikati. Baadhi ya bakteria hawafi. Humpokea faji kwenye jeni zao, wakaendelea kuzaana humo humo. Mara chache hutokea tundu angavu kabisa. Wengine wangeliruka. Mtafiti Dale Kaiser aliyakusanya matundu ya namna hiyo, na mwaka 1957 akaonyesha kuwa jeni tatu zinahusika: cI, cII na cIII. Penye hitilafu ya cII au cIII, faji hutulia ndani ya bakteria kwa nadra. Penye hitilafu ya cI hatulii kamwe: huua tu. Ila akiingia bakteria mmoja pamoja na faji mwenye cI nzima, wote hutulizwa. Basi cI hutengeneza kitu kinachosambaa, kizuizi.

Wako pia faji waitwao vir, ambao huua hata bakteria aliyekwisha kulindwa. Kizuizi kipo, lakini mahali pake pa kushika kwenye DNA pameharibika.

Nimpendaye mimi ni faji mwenye hitilafu ya cI iitwayo cI857. Kizuizi chake hufanya kazi kwenye nyuzi 30. Ukipandisha joto hadi 42 kinalegea, faji anaamka, bakteria wanapasuka. Hahitaji taa ya urujuanimno wala dawa ya kumwamsha.

Mwaka 1967, Mark Ptashne wa Harvard alikitafuta kizuizi chenyewe, kidogo mno kuonekana kati ya protini nyingi. Alizitia alama za mnururisho protini za faji wazima na za faji wenye hitilafu ya cI, kisha akazitenganisha pamoja. Kwa wenye hitilafu, moja ilikosekana.