Karatasi Haijibu: Watu Wazima wa Ngara na Biharamulo Mbele ya Mtihani wa Lugha

Agosti 1975 Tanzania iliwaketisha watu wazima wake kwenye mtihani wa taifa wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Walioandikishwa madarasani walikuwa kama milioni 5.2, na waliojitokeza kupimwa walikaribia milioni 3.8. Ngara na Biharamulo zilikuwa wilaya za kusini za mkoa ambao wakati huo bado uliitwa Ziwa Magharibi. Huko, kama kwingineko nchini, wazee wenye wajukuu shuleni walishika penseli wakasubiri kuulizwa.

Mtihani ule ulikuwa wa Kiswahili, na uliweza kusafiri. Makaratasi yalifungwa, yakapakiwa kwenye gari, yakafika kijijini, yakajazwa, yakarudi. Miaka ishirini baadaye, wilaya hizohizo zilipojaa watu wazima waliotaka Kiingereza cha kuongea na cha kusomea mambo ya kila siku, ugumu mpya ulijitokeza. Kusoma kunapimika kwa mbali. Mazungumzo yanamtaka mtu wa pili.

Safari ya kisomo cha watu wazima ilikuwa imeanzia kwenye migomba na pamba. Kati ya 1968 na 1972 UNESCO na UNDP zilisaidia mradi wa kisomo chenye manufaa uliokuwa na makao yake Mwanza, ukihudumia mikoa minne ya kanda ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Vitabu vya kwanza vya kusomea vilijengwa juu ya kazi za watu: pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji, maarifa ya nyumbani, na siasa ya wakati huo. Mkulima alijifunza herufi kwa kusoma habari za shamba ambalo asubuhi alikuwa amelipalilia. Mitaani darasa hilo lilipewa jina la utani, ngumbaru, na aliyekwenda huko jioni alitaniwa na watoto wake mwenyewe. Hata hivyo watu walikwenda. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika.

Wapimaji wa 1975 hawakuridhika na jibu la ndiyo au hapana. Waliweka hatua nne. Wa hatua ya kwanza alikuwa amejiandikisha na kuhudhuria. Wa pili alizitambua alama, maneno na hesabu nyepesi. Wa tatu alisoma na kuandika sentensi fupi, akajumlisha na kutoa. Wa nne alitakiwa kuutumia ujuzi wake: asome gazeti ajue yanayotokea, asome kijitabu cha kilimo au cha afya akifuate, aandike ujumbe ukaeleweka, aweke hesabu ya mapato na matumizi yake. Aliyefika hatua ya tatu au ya nne ndiye aliyehesabiwa kuwa amefuzu.

Hatua ile ya nne inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndani yake umo mtazamo mzima wa upimaji. Haikuuliza kanuni za sarufi. Iliuliza mtu anaweza kufanya nini na maandishi yanayomfikia nyumbani. Kampeni za redio za wakati huo zilifuata njia hiyohiyo. Katika Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza kipindi, kusoma kijitabu na kujadiliana chini ya kiongozi wa kikundi, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Choo kilichochimbwa kilikuwa sehemu ya majibu ya mtihani.

Mitihani ya taifa ilirudiwa mara kadhaa, na takwimu za serikali zikaonyesha idadi ya wasiojua kusoma ikishuka kutoka asilimia 39 mwaka 1975 hadi kama asilimia 10 mwaka 1986. Halafu ikaanza kupanda tena katika miaka ya 1990. Vitabu na magazeti ya vijijini yalikuwa yameadimika, na asiye na cha kusoma husahau.

Kiingereza kilikuwa na historia yake pembeni. Mtoto aliyeishia darasa la saba alikuwa amekisoma kama somo moja kati ya mengi, na mtu mzima wa ngumbaru hakukigusa kabisa. Aliyekitaka ukubwani alielekezwa posta. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianzisha masomo kwa njia ya posta mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Sweden, Kiingereza kikiwa miongoni mwa masomo hayo. Kwa karani wa Biharamulo au mwalimu wa Rulenge, utaratibu ulikuwa kupokea bahasha ya somo, kulisoma usiku baada ya kazi, kujaza zoezi, kulirudisha Dar es Salaam zaidi ya kilomita elfu moja, na kungoja alama za kalamu nyekundu. Njia hiyo ilitoa wasomaji wazuri na waandishi wazuri. Kinywa kilibaki nje ya bahasha.

Kasoro hiyo haikuwa ya Tanzania peke yake. Chuo Kikuu cha Cambridge kilipoanzisha mtihani wake wa Kiingereza kwa wageni mwaka 1913, watahiniwa walikuwa watatu tu. Walifanya kazi ya saa kumi na mbili, ikiwemo sehemu ya kusoma kwa sauti na kuzungumza, na hakuna aliyefaulu. Katika miaka ya 1950 Marekani, ikihitaji kujua ni wanadiplomasia gani hasa wanaoweza kuongea lugha za watu, ilitunga kipimo cha mazungumzo ya ana kwa ana chenye ngazi za 0 hadi 5. Lakini TOEFL, mtihani wa Kiingereza uliokuja kutumika dunia nzima, ulianza mwaka 1964 bila sehemu ya kuongea, na sehemu hiyo haikuwa ya lazima mpaka toleo la intaneti lilipoanza mwaka 2005. Sababu inaeleweka. Karatasi elfu kumi zinaweza kusahihishwa na mashine, lakini mazungumzo elfu kumi yanahitaji wasikilizaji waliofunzwa, muda na fedha.

Nchini Tanzania, onyo kubwa lilitolewa mwaka 1984. Wataalamu Clive Criper na William Dodd waliwapima wanafunzi wa ngazi mbalimbali kwa maandishi yaliyoondolewa baadhi ya maneno ili msomaji ajaze nafasi. Waligundua kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwatosha kusomea masomo yao. Kipimo chao kilikuwa cha kusoma, na kwa kazi hiyo kilifaa, maana anayeelewa habari hukisia neno lililokosekana.

Kisha ukaja mwaka 1994.

Ndani ya muda wa kama saa ishirini na nne, mwishoni mwa Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa makazi makubwa ya wakimbizi duniani kabla nyasi hazijamaliza kukatwa. Warundi walikuwa wameanza kuingia tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993. Wanyarwanda walio wengi walirudishwa kwao Desemba 1996, lakini Warundi walibaki, hasa katika kambi ya Lukole wilayani Ngara, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa na watu wanaokaribia au kupita laki moja.

Kwa jirani zao wa vijijini, wakimbizi hawa hawakuwa na shida kubwa ya maneno. Kihangaza na Kishubi vinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, na watu waliuziana mihogo na kuulizana habari bila mkalimani. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilitangaza kwa lugha kadhaa za eneo hilo, Kiswahili na Kirundi zikiwemo. Ugumu ulianzia ofisini. Mashirika ya kimataifa yaliendesha shughuli zao kwa Kiingereza, ilhali Mrundi aliyesoma alikuwa amesomeshwa kwa Kifaransa. Muuguzi, karani wa ghala, fundi wa maji na mwalimu, wote walikuta ujuzi wao umefungiwa nyuma ya lugha wasiyoijua. Mwanaanthropolojia wa Denmark, Simon Turner, aliyefanya utafiti Lukole mwishoni mwa miaka ya 1990, ameandika jinsi vijana walivyopanda hadhi kambini kwa kupata kazi za mashirika na uongozi wa mitaa ya kambi. Katika mazingira hayo Kiingereza kilikuwa njia ya kupata mshahara.

Elimu ya masafa ilikuwa imejiandaa kwa kazi hiyo bila kujua. Miaka ya 1980 taasisi ya Southern African Extension Unit ilianzishwa Dar es Salaam kuwasomesha wakimbizi wa kusini mwa Afrika waliokuwa uhamishoni Tanzania. Ilisaidiwa na International Extension College, chuo kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1971 na Michael Young. Afrika Kusini ilipokuwa huru, wanafunzi wa kwanza wa taasisi hiyo walirudi kwao, nayo ikawageukia Warundi katika kambi za magharibi mwa Tanzania, Kiingereza cha watu wazima kikiwa sehemu ya kazi yake. Mbinu zilikuwa zilezile ambazo nchi ilizijua tangu enzi za Mtu ni Afya: kitabu cha kujisomea, kikundi, na mwelekezaji anayekutana na wanafunzi kila baada ya siku kadhaa.

Kumpima mwanafunzi wa namna hii ni kazi ya ufundi. Upande wa kusoma, mpimaji hahitaji hadithi ya mfalme wala insha. Anachukua lebo ya dawa na kuuliza vidonge vinamezwa vingapi na mara ngapi kwa siku. Anachukua tangazo la mgao wa chakula na kuuliza familia ya watu watano ije siku gani. Anachukua fomu na kuangalia kama tarehe ya kuzaliwa imeandikwa mahali pa jina. Majibu ni mafupi, yanasahihishwa na mtu yeyote mwenye ufunguo, na bahasha inaweza kwenda Dar es Salaam na kurudi.

Upande wa mazungumzo, kila kitu kinabadilika. Mpimaji anajigeuza muuza duka, mlinzi wa getini au daktari, na mwanafunzi anapaswa kununua, kuuliza njia au kueleza anaumwa wapi. Anayepima hana budi kuamua papo hapo kosa lipi linaua ujumbe na lipi halidhuru. Kwa wasemaji wa Kirundi na Kihangaza, sauti za r na l huchanganyika. Mpimaji asiyeijua lugha yao atakata alama kila mara, na anayeijua atauliza kwanza kama mteja amepata mchele (rice) aliouomba. Kuna pia suala la haki. Mwelekezaji akimpima mwanafunzi wake mwenyewe, amezoea namna yake ya kusema na atamwelewa kirahisi mno. Akiletwa mgeni, mwanafunzi mwenye umri wa miaka hamsini anaweza kunyamaza kwa aibu, na ukimya wake ukaandikwa kuwa ni kutojua. Ndiyo sababu mpimaji mwenye uzoefu huanza na salamu na maswali mepesi ya nyumbani kabla ya kufungua daftari la alama.

Yote hayo yanagharimu. Mtu lazima asafiri, na barabara za msitu wa Biharamulo katika miaka ile zilipitwa kwa misafara yenye ulinzi kwa sababu ya majambazi. Karatasi ilikuwa nafuu kila wakati.

Lukole ilifungwa mwaka 2008, na Kiingereza walichojifunza baadhi ya watu wake kikavuka mpaka pamoja nao. Burundi na Rwanda zilikuwa zimeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundishia shuleni kwa Kiingereza, na mwaka 2014 Burundi ikakifanya kuwa moja ya lugha zake rasmi. Upande wa Tanzania, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulifunguliwa Biharamulo mwaka 2005, na nikeli ya Kabanga imeiletea Ngara mikataba na maelekezo ya usalama yanayotungwa kwa lugha hiyo. Malori yanayopita Rusumo hubeba nyaraka za aina hiyohiyo. Mtu mzima aliyeishia darasa la saba miaka ya 1980 yuko leo katika hali ileile ya muuguzi wa Lukole: kazi anaijua, lugha ya karatasi hana.

Simu ya mkononi imepunguza sehemu ya umbali, kwa kuwa sasa mpimaji anaweza kumsikia mwanafunzi bila kupanda gari. Gharama kubwa zaidi bado ni ileile, yaani msikilizaji aliyefunzwa. Kwa hiyo maofisa elimu wa watu wazima, halmashauri na makampuni yanayofadhili kozi za Kiingereza katika wilaya hizi wanapaswa kuweka katika bajeti, kabla ya kuchapa vitabu, malipo ya watu watakaokaa na wanafunzi na kuzungumza nao siku ya mtihani. Cheti kinachosema mtu anaongea Kiingereza, ilhali hakuna aliyewahi kumsikia, kisitolewe.