Kilti ya ukoo ilizaliwa mikononi mwa wakusanyaji

Kati ya wavaaji wa kilti kuna ubishi usiokwisha. Mtu mwenye kilti ya ukoo wake akinunua ya pili, ya tano, ya kumi, kila moja na tartani yake, je, anajiongezea hazina au anachezea urithi wa watu? Kilti ni lile vazi la sufu la wanaume wa Uskoti, lenye marinda nyuma, linalofungwa kiunoni na kuishia gotini. Tartani ni kitambaa chake cha miraba ya rangi. Wenye msimamo mkali husema kila ukoo una tartani yake tangu enzi za mababu, kwa hiyo mtu ana haki ya moja, au mbili akihesabu upande wa mama, na nyingine zote ni za kuazima. Msimamo huo una heshima yake, lakini historia haiuungi mkono. Kuvaa tartani nyingi kwa kufuata jicho na mfuko ndiyo desturi ya zamani. Tartani moja kwa kila ukoo ni desturi ya juzi, na walioileta ni wakusanyaji.

Tuanze na picha, kwa sababu mchoraji anayelipwa kwa kazi yake hupenda kuonyesha nguo jinsi ilivyo. Kuna mchoro maarufu wa vita vya Culloden vya Aprili 1746, unaohusishwa na David Morier, unaoonyesha wapiganaji wanane wa Nyanda za Juu za Uskoti wakiwakabili askari wa serikali. Waliouchunguza wamehesabu ndani yake zaidi ya tartani 20. Maana yake ni kwamba mtu mmoja amevaa koti la tartani hii, shuka la tartani ile na soksi za tartani nyingine kabisa. Wala siku hiyo watu hawakutambuana kwa miraba. Wapiganaji hao, wafuasi wa mwanamfalme Charles Stuart, walijulikana kwa utepe mweupe kofiani. Ukitazama picha za familia ya Grant za mwanzoni mwa karne ya 18, nyingi zikiwa zimechorwa na Richard Waitt, hali ni ileile: ndugu wa damu, wa nyumba moja, na kila mmoja ana kitambaa chake.

Wapinzani wana ushahidi wao, na si wa kupuuzwa. Mwaka 1703 Martin Martin, mwenyeji wa kisiwa cha Skye, alichapisha kitabu kuhusu visiwa vya magharibi mwa Uskoti, akaeleza kwamba mashuka ya tartani yalitofautiana kutoka kisiwa hadi kisiwa, kiasi kwamba aliyezunguka huko aliweza kukisia mtu ametoka wapi. Alieleza pia jinsi wanawake walivyohifadhi mpangilio wa rangi kwenye kijiti, idadi ya nyuzi za kila mstari ikiwa imewekewa alama juu yake. Lakini ushahidi huu unazungumzia mahali. Mfumaji wa kijijini alikuwa na mmea fulani wa rangi karibu naye na kijiti alichoachiwa na aliyemfundisha kazi, na majirani wote, wa ukoo huu na wa ule, walimpelekea yeye sufu yao. Ushahidi wa pili ni mzito zaidi: mwaka 1704 mkuu wa ukoo wa Grant aliwaagiza watu wake wajitengenezee mavazi ya tartani nyekundu na kijani. Hiyo nayo ilikuwa sare ya watu walioitwa wajipange kwa silaha, kama bwana yeyote anavyowavisha watu wake. Ingekuwa ni alama ya damu, wa kwanza kuivaa wangekuwa jamaa zake mwenyewe, na picha za Waitt, zilizochorwa miaka michache tu baadaye, hazituonyeshi hivyo.

Baada ya Culloden, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu kwa wanaume wa kawaida: kifungo cha miezi sita kwa kosa la kwanza, na kwa la pili kupelekwa ng'ambo miaka saba. Sheria hiyo ilidumu hadi 1782. Askari waliomtumikia mfalme hawakuguswa nayo, na hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu kwa zaidi ya miaka 30 jeshi ndilo lililokuwa mnunuzi mkubwa wa tartani, na jeshi hutaka watu mia wafanane. Mwaka 1793 William Forsyth, mfumaji wa Huntly, alimtumia Duke wa Gordon sampuli za tartani kwa ajili ya kikosi ambacho Duke huyo alikuwa akikiunda. Forsyth alichukua tartani nyeusi, buluu na kijani ya kikosi cha Black Watch, akaipitishia mistari ya njano: sampuli moja ina mstari mmoja, nyingine miwili, nyingine mitatu. Duke akachagua ya mstari mmoja. Leo hiyo inaitwa tartani ya Gordon, na wako wanaodhani imeteremka kutoka kwa mababu wa kale, ilhali ilichaguliwa kutoka kwenye sampuli za mfanyabiashara.

Kiwanda cha William Wilson na wanawe, kule Bannockburn, kilikwenda mbali zaidi. Kilifumia jeshi, miji ya Uskoti na makoloni ya ng'ambo, na tartani zake nyingi zilianza kwa namba tu. Namba iliyouzika ilipewa jina, na jina lililovutia lilizidi kuuza. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper alieleza kwamba tartani moja iliyoishia kuitwa Macpherson iliwahi kuitwa Kidd, kwa jina la bwana aliyeinunua kwa wingi ili kuwavisha watumwa wake wa West Indies, na kabla ya hapo ilikuwa namba 155. Mwaka 1819 akina Wilson walikamilisha kitabu chao cha mpangilio wa nyuzi, chenye tartani zaidi ya 200: rangi kwa rangi, uzi kwa uzi, tayari kwa mfumaji kuketi na kutandika mtande wake.

Lakini kiwanda peke yake kisingeweza kugeuza miraba kuwa nasaba. Waliofanya hivyo ni waungwana wa Highland Society of London, chama kilichoanzishwa mwaka 1778, kwa kazi ambayo mkusanyaji yeyote wa leo ataitambua. Mwaka 1815 waliamua kuwaandikia wakuu wa koo, kila mmoja alete kipande cha tartani ya ukoo wake kikiwa na muhuri wake, ili kihifadhiwe. Majibu yalikuwa ya aibu kidogo. Lord Macdonald, mkuu wa moja ya koo kubwa kuliko zote, alijibu kwamba haijui hasa tartani ya Macdonald, akaomba atafutiwe iliyo halisi! Wengine waliuliza wazee wao, wengine waliuliza wafumaji. Ilikuwa sawa na mkusanyaji wa kanga wa Pwani kuziandikia nyumba kubwa za mji akiziomba kila moja ilete doti yake ya asili: si kwamba kanga hazikuwepo, ila swali lenyewe halikuwahi kuulizwa. Likishaulizwa, na muhuri ukiwa unasubiri, hakuna mkuu anayependa kuonekana hana. Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott akiwa msimamizi wa sherehe, na mfalme mwenyewe akajitokeza kwa vazi la Nyanda za Juu lililogharimu zaidi ya pauni 1,300. Baada ya hapo familia nyingi zenye jina zilitaka kila moja iwe na tartani yake. Ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart wakawatimizia hamu hiyo mwaka 1842 kwa kitabu walichodai kimetokana na hati ya karne ya 16. Hati hiyo haikuwahi kuonekana, na wataalamu wameonyesha kwamba kitabu ni cha kughushi, lakini tartani zake kadhaa zinavaliwa hadi leo harusini na mazishini.

Sasa huja pingamizi kutoka upande wa pili kabisa, na Trevor-Roper ndiye aliyelipa nguvu. Kama koo zilipewa tartani madukani na nyingine zilighushiwa, si afadhali kukiri kwamba jambo zima ni igizo, na mwenye kabati la kilti ni mkusanyaji wa mapambo tu? Naona hoja hii inaruka hatua moja. Kitambaa chenyewe si cha kubuni: kuna kipande kilichotolewa kwenye ardhi ya Glen Affric ambacho wachunguzi wamekikadiria kuwa cha karne ya 16. Na desturi yenye miaka 200 ya watu kuzaliwa, kupigana na kuzikwa nayo ni desturi, hata kama tunamjua aliyeianzisha. Kilichoanguka ni dai la kale, na pamoja nalo dai kwamba mkusanyaji anavunja kitu. Anayeongeza kilti ya wilaya fulani, au ya tartani iliyobuniwa mwaka jana, anafanya walichofanya watu wa mchoro wa Morier, ingawa wao walizivaa tartani zao zote kwa mpigo.

Kuna sababu nyingine ya kutetea kabati lenye kilti nyingi, na hii imo kwenye ufundi. Picha na vitabu vinatuonyesha rangi, lakini ukitaka kujua vazi lilivyobadilika inabidi uligeuze uone nyuma. Kilti za mwanzo kabisa zilizoshonwa, za miaka ya mwisho ya karne ya 18, zilitumia yadi nne hivi za kitambaa, na marinda yake yalikuwa mapana, yamekunjwa pande mbili kama sanduku. Kilti ya kawaida ya leo hula yadi nane, na marinda yake membamba yote yanalalia upande mmoja. Fundi ana njia mbili za kuyapanga. Kwa ya kwanza, anakipitia kitambaa akitafuta, kwa kila rinda, mahali ambapo miraba itaendelea bila kukatika, hata ukimwona mvaaji kwa nyuma unaona tartani ileile iliyoko mbele. Kwa ya pili, ambayo vikosi vingi vya jeshi viliipenda, kila rinda linabeba mstari uleule katikati, kwa hiyo nyuma inasimama mistari tupu, na mvaaji akitembea marinda yanafunguka na kuachia rangi zilizojificha. Kitambaa kimoja hutoa mavazi mawili yasiyofanana. Mwenye kilti moja hawezi kuliona hilo, na kilti za yadi nne zilizorudi mafundini miaka ya karibuni zimerudi kwa sababu wapo waliotunza za zamani na wengine wakazipima.

Linabaki suala la adabu, nami silipuuzi. Tartani ya Balmoral, inayohusishwa na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, haivaliwi bila idhini ya nyumba ya kifalme. Wapo pia watu ambao tartani ya kikosi inawakumbusha ndugu waliokufa vitani, na mgeni akiivaa kwenye karamu ya mchezo atawaudhi kwa haki. Lakini hii ni mipaka michache na inajulikana. Hakuna sheria ya Uskoti inayomkataza mtu kuvaa tartani ya ukoo usio wake. Rejesta rasmi ya tartani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kufunguliwa mwaka uliofuata chini ya hifadhi ya nyaraka ya taifa, haiulizi mvaaji ni mtoto wa nani. Inamuuliza anayeandikisha tartani mpya ana uhusiano gani na jina analolitaka, na inataka mpangilio kamili wa nyuzi, ambao mfumaji yeyote anaweza kuufuata.