Maiostatini, Hatamu ya Misuli

Mwezi wa Mei mwaka 2027 itatimia miaka 30 tangu Alexandra McPherron, Ann Lawler na Se-Jin Lee, wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, walipotangaza katika jarida la Nature ya kwamba ndani ya mwili imo protini ambayo kazi yake si kuikuza misuli, bali kuizuia isikue kupita kiasi. Kwa kuwa siku hizi protini hiyo, maiostatini, hutajwa zaidi na wanaotaka kutunisha vifua kuliko na wanaowauguza wagonjwa, yafaa tarehe yake isimuliwe kwa utaratibu. Na katika kuisimulia nimetegemea zaidi makala ya wanazuoni hao watatu, na ile ya wenzao wa Liège, Ubelgiji, iliyotoka mwaka ule ule.

Habari ya Baltimore ni fupi. Lee na wenzake walikuwa wakitafuta protini mpya za ukoo ule mkubwa unaoamrisha ukuaji wa seli, wakaipata moja isiyojulikana, wakaiita GDF-8, ndiyo maiostatini yenyewe, kisha wakazalisha panya waliotolewa jeni yake. Panya hao walipopevuka, misuli yao ilipopimwa mmoja mmoja ilikuwa na uzito mara mbili hadi mara tatu ya misuli ya panya wa kawaida, wala si kwa mafuta, bali kwa nyuzi za nyama zilizozidi idadi na unene. Ikadhihirika ya kwamba msuli hujishikia hatamu wenyewe: huitoa maiostatini ikiwa imefungwa na kipande cha protini kinachoizuia kutenda, na vimeng'enya vikishakikata kipande hicho, maiostatini hushika kipokezi kilichoko juu ya seli ya msuli, na amri ikapita hadi ndani ya kiini, ujenzi wa nyama mpya ukapungua.

Walakini ajabu hiyo wafugaji wa Ubelgiji walikuwa nayo mazizini mwao zamani, ila hawakujua sababu yake. Ng'ombe wenye misuli maradufu alikwisha kuwataja Mwingereza George Culley mwaka 1807, na katika nusu ya pili ya karne iliyopita Wabelgiji waliwachagua kwa bidii mafahali wenye mapaja yaliyotuna na migongo yenye mfereji katikati, hata ng'ombe wa Belgian Blue, aliyekuwa akifugwa kwa maziwa na nyama pamoja, akageuka kuwa hasa wa nyama. Wenye bucha walifurahi, kwani sarara ilikuwa kubwa, laini na yenye mafuta haba. Lakini ndama mwenye mapaja kama yale hapiti katika nyonga za mamaye, na ndiyo maana zaidi ya asilimia 90 ya ndama wa asili hiyo hutolewa kwa kisu. Ng'ombe husimama kwa miguu yake minne zizini, ubavu wa kushoto ukanyolewa na kudungwa sindano za ganzi, daktari akaupasua, akaingiza mikono, akamvuta ndama nje na kuanza kushona, mama akiwa macho muda wote. Watetezi wa wanyama wamelilalamikia jambo hili miaka mingi, na wafugaji hujibu ya kuwa upasuaji uliopangwa ni salama kuliko uzazi wa kuvutwa kwa kamba. Kwangu mimi jibu hilo halitoshi, maana aliyemfanya mnyama ashindwe kuzaa ni mfugaji huyo huyo aliyemchagulia fahali.

Roger Hanset wa Liège alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1980 ya kwamba hali hiyo hutokana na jeni moja, na mwaka 1995 kundi la Michel Georges likaipata mahali pake katika kromosomu ya 2. Habari za panya wa Baltimore zilipotoka, ikawa ni mbio. Septemba 1997 wanazuoni wa Liège na wenzao, na Ravi Kambadur na wenziwe wa New Zealand, walitoa jawabu moja katika majarida mawili, na McPherron na Lee wakafuata Novemba: katika jeni ya maiostatini ya Belgian Blue zimepotea herufi 11, na katika ng'ombe wa Piedmontese wa Italia imebadilika herufi moja tu. Fauka ya hayo, sehemu itendayo kazi ya protini hiyo ilionekana kuwa ni ile ile kwa binadamu, panya, nguruwe, kuku na bata mzinga.

Mwaka 2004 madaktari wa Berlin walieleza habari za mtoto aliyezaliwa bila maiostatini, mwenye nguvu zisizo za umri wake, na mnamo mwaka 2008 wasimamizi wa michezo wakapiga marufuku dawa za kuizuia protini hiyo.

Wagonjwa, ambao kwao jambo hili lingekuwa faraja, wamengoja sana. Dawa ya MYO-029 iliyojaribiwa kwa watu wazima wenye kudhoofika misuli, matokeo yakatolewa mwaka 2008, haikuwaongezea nguvu. Dawa nyingine, ACE-031, ilisimamishwa baada ya watoto waliojaribiwa kutokwa damu puani na katika ufizi. Huenda sababu ni kwamba panya na ng'ombe walizaliwa bila hatamu, ilhali mgonjwa hufunguliwa akiwa misuli yake imekwisha kuharibika, na aghalabu maiostatini katika damu yake imekwisha kupungua yenyewe. Mwaka 2024 ndipo dawa ya apitegromabu, inayoishika maiostatini kabla haijafunguliwa, ilipoonekana kuboresha uwezo wa kujimudu wa watoto ambao misuli yao hunyauka kwa kufa kwa neva za uti wa mgongo, wakiwa wangali wakitumia dawa zao nyingine. Hao ndio waliostahili kutangulizwa tangu mwanzo, kabla ya mabucha na kabla ya vifua vya wanamichezo.